Kabla ya Kujaza Fomu

Marekani, anayetaka shahada ya udaktari wa tiba ya viungo kwa kawaida humaliza kwanza shahada ya kwanza, kisha husoma takriban miaka 3 mingine. Maombi hudai alama nzuri za anatomia, kemia na fizikia, pamoja na barua za mapendekezo. Vyuo vingi hutaka pia saa za kushuhudia kazi kliniki.

Saa hizo zina thamani kubwa. Utamwona mzee aliyepata kiharusi ameshikilia vyuma vya kujifunzia kutembea, mguu unatetemeka, mtaalamu kamshika kiunoni, anasubiri hatua moja tu. Wewe unayeandika maombi leo, usiseme tu unapenda kusaidia watu. Eleza ulichokiona na kilivyokubadilisha. Mungu akutangulie.