Hilo Tulishalimaliza

Kijana anauliza: "Hivi shairi lisilo na vina ni shairi kweli?" Wakubwa wanamjibu: "Aa, hilo tulishalimaliza zamani." Basi. Kijana ananyamaza, akidhani kauliza upuuzi.

Kumbe swali lake lina historia nzito. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi, vina na mizani vikiwa nguzo. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, na malumbano yakapamba moto. Leo tungo za aina zote mbili zinasomwa madarasani.

Sina ugomvi na kufunga mjadala. Hatuwezi kubishania jambo moja milele. Lakini mlango uliofungwa bila maelezo unamfanya mgeni aone kosa ni lake. Haki yake ni ndogo tu: aambiwe tulibishania nini, kwa hoja zipi, na kwa nini tuliacha. Asipoambiwa atatii, ila hataelewa.

Tunapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa atatuponyaje, ikiwa hata kuuliza tumemkataza?