Jicho la Karibu

Lenzi ya milimita 85 ikifunguliwa hadi f/1.4, na mtu akiwa umbali wa mita moja na nusu, kina kinachotoka wazi ni kama sentimita mbili na nusu tu. Nikimpiga picha mzee wa Mbooni aliyegeuza uso kidogo, kope za jicho la karibu nazihesabu moja moja. Sikio lake limeshayeyuka. Kitambaa cheupe cha kichwani kwenye jua la mji wa Wote huonyesha udhaifu wa lenzi: pindo latoa zambarau. Mwanga unaopenya majani ya mwembe huwa miduara laini, ila pembezoni mwa picha hubanwa. Funga hadi f/4, zambarau hupungua sana.

Hayo yanapimika. Linaloninyima raha ni hili: kumtenga mtu na mahali pake ni kumwona zaidi, au ni kumpunguza? Katika Biblia, nyumbani kwa Yese, nabii Samweli alikatazwa kuchagua mfalme kwa sura na kimo, kwa kuwa Mungu hutazama moyo. Wapiga picha wengi huamini ukungu wa nyuma unatusogeza karibu na moyo huo. Sikubali. Mama wa Makueni aliyechimba matuta ili mvua isibebe udongo wake, moyo wake umo pia mikononi na katika matuta yale. Mungu hahitaji kulificha shamba ndipo amwone. Basi mama huyo akiniambia, "Mwanangu, na shamba lionekane," narudi nyuma hatua kadhaa na kufunga hadi f/8, ingawa uzuri nilioulipia ni ule wa f/1.4.