Soko la Kubashiri na Fedha za Nyumbani

Tarehe 8 Mei, 2025, moshi mweupe ulipotoka juu ya Kanisa dogo la Sistina, Wakatoliki wa dunia nzima walingoja kwa furaha kusikia jina la Baba Mtakatifu mpya. Lakini walikuwako watu, wengi wao huko Marekani, waliolingoja jina lile kwa sababu nyingine: walikuwa wameweka fedha juu yake. Katika simu zao Makardinali walikuwa na bei, kama mbuzi mnadani. Na jina la Kardinali Robert Prevost, ambaye leo ni Papa Leo XIV, lilikuwa likiuzwa kwa senti chache mno.

Yafaa tuueleze mchezo huu, maana wenye kuufanya hawauiti mchezo. Soko huuza swali lenye jibu la ndiyo au siyo. Je, fulani atashinda uchaguzi? Je, joto la New York kesho litapita kiasi fulani? Mtu hununua “ndiyo” au “siyo” kwa bei iliyo kati ya senti 1 na senti 99. Aliyepatia hulipwa dola 1 kwa kila mkataba; aliyekosa hapati kitu. Kampuni iitwayo Kalshi ilipata kibali cha serikali ya Marekani mwaka 2020, ikafungua soko mwaka 2021. Mwaka 2024, baada ya kushindana na serikali mahakamani, ikaanza kuuza mikataba ya uchaguzi. Na mwaka 2025 ikaingia katika mashindano ya mipira.

Wenye soko husema, “Hii si kamari, ni biashara.” Tuwape haki yao. Mkulima wa ngano apatanaye bei kabla ya kuvuna, kama wafanyavyo wakulima wa Marekani tangu soko la Chicago lilipoanzishwa mwaka 1848, amefanya busara. Analinda jasho lake. Tena ni kweli kwamba bei za soko hili jipya hufanywa na wanunuzi na wauzaji wenyewe, na aliyebadili nia aweza kuuza kabla ya siku kufika.

Lakini aliyenunua jina la Kardinali alikuwa na shamba gani la kulinda?

Tufanye hesabu. Baba mmoja anunua mikataba 200 kwa senti 60. Ametoa dola 120. Akipatia, amepata faida ya dola 80. Akikosa, zote 120 zimekwenda. Na faida hiyo haikutoka katika udongo wala katika kiwanda. Imetoka mfukoni mwa mtu mwingine aliyekosa, naye mwenye soko amekwisha kukata ada yake.

Wala jambo hili si geni kwa Kanisa. Katika Roma ya karne ya 16 watu walizoea kuweka dau juu ya uchaguzi wa Papa, hata Papa Gregori XIV, mwaka 1591, akakataza jambo hilo kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa. Amri ile haimo tena katika sheria za Kanisa. Katekisimu ya leo yafundisha kwa upole zaidi: michezo ya bahati yenyewe si kinyume cha haki, ila huwa mibaya inapomnyima mtu riziki yake na ya wale wanaomtegemea, na tamaa yake yaweza kumfanya mtu mtumwa. Basi kibali cha serikali chaonyesha kwamba soko linakaguliwa. Hakionyeshi kwamba ada ya shule ya mtoto ingali kabatini.

Hapa kwetu wazazi wameujua “mkeka” wa mpira na machozi yake. Wale wenye watoto wasomao Marekani wajue kwamba huko kijana wa miaka 18 aweza kujiandikisha Kalshi kwa simu yake, usiku, peke yake chumbani. Akiwaandikia kwamba siku hizi anafanya biashara, wamwulize anauza nini, na ni nani aliyekwenda na bidhaa hiyo nyumbani kwake.

Na baba aliyekwisha kupoteza fedha za nyumbani asijifiche. Amwambie mkewe leo, kabla hajajaribu kuzirudisha kwa swali jingine la ndiyo au siyo.