Sabufa yako na haki ya jirani

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zangu katika imani, wiki hii nimeona tuzungumzie kitu ambacho kimeingia majumbani mwetu karibu kila mtaa, nacho ni sabufa. Kijana akipata fedha kidogo, hununua seti ya spika tano na sabufa moja, akazipanga sebuleni ili aangalie mpira na filamu kana kwamba yuko sinema. Sikusudii kuingia katika hukumu ya muziki, maana masheikh wetu wamelisemea hilo kwa urefu. Nakusudia jambo ambalo wanachuoni hawakukhitilafiana, nalo ni haki ya jirani.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Allah (SW) ameamrisha aabudiwe peke yake, kisha akaamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima na masikini, halafu akamtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali. Naye Mtume (SAW) ametueleza kuwa Jibril (AS) alimuusia mno juu ya jirani hadi akadhani kuwa jirani atapewa fungu katika mirathi. Na jirani huyu hakuwekewa sharti la dini. Abdullah bin Amr (RA) alipochinjiwa mnyama nyumbani kwake, aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi ameshapelekewa.

Sasa mtu atauliza, kwa nini sabufa na si redio ya kawaida? Sauti nyembamba, kama maneno ya mtangazaji, hupungua sana zikikutana na ukuta. Besi haiko hivyo. Mawimbi yake ni marefu. Sauti ya hezi 40, kwa mfano, ina wimbi la mita zipatazo 8 na nusu, refu kuliko sebule nyingi za mjini. Besi hiyo huutikisa ukuta wenyewe ikatokea upande wa pili. Katika nyumba zetu za kupanga za Magomeni au Buguruni, ambako aghalabu ukuta wa chumba haufiki kwenye paa, na katika maghorofa ambako sakafu ya huyu ni dari ya yule, jirani hapati wimbo wala hotuba. Anapata kishindo tu, kifuani mwake na kwenye vioo vya dirisha.

Liko na jambo la pili, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Besi haienei sawasawa chumbani. Mawimbi hugonga ukuta yakarudi na kukutana, mahali pengine yakaongezana na pengine yakafutana. Besi hujikusanya zaidi kwenye kuta na pembe za chumba. Kwa hiyo unaweza kuwa umeketi kwenye kochi, mahali ambapo besi imefutika, ukadhani sabufa haipigi, ukaongeza. Wewe huisikii, lakini nyuma ya ukuta kitanda cha mtu kinatetemeka. Ndiyo maana nasema mwenye sabufa ni shahidi dhaifu kuliko wote katika kesi yake mwenyewe.

Mtaani kwetu yuko mama mmoja mtu mzima, mgonjwa wa presha. Anayepakana naye ukuta ni kijana mwema ambaye swala ya Alfajiri haimpiti msikitini. Mama yule aliniambia, "Mwanangu, nitamwambiaje? Yule ni mtu wa msikitini." Maneno yale yaliniuma. Nikamwendea kijana, naye akanijibu kwa adabu, "Sheikh, mimi sipigi muziki. Ile ni Qur'ani na mawaidha."

Hoja hii wengi wetu tunayo. Lakini Mtume (SAW) akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma kwa sauti. Akafunua pazia, akawafahamisha kuwa kila mmoja wao ananong'ona na Mola wake, basi wasiudhiane wala wasipandishiane sauti katika kisomo. Ikiwa kisomo cha Masahaba, tena ndani ya msikiti, kimewekewa mpaka, itakuwaje kwa sabufa ya saa tano usiku? Nilimwomba kijana aache kisomo kiendelee, tukaenda kwa yule mama tukaketi naye na wajukuu zake. Halikusikika hata neno moja la Qur'ani, ila mtetemo mtupu. Kijana hakumaliza dakika mbili, akaondoka kwenda kuizima.

Ndugu zangu, tiba yake ni nyepesi. Kwanza, iondoe sabufa kwenye pembe na kwenye ukuta unaopakana na jirani, uisogeze karibu na unapokaa, nawe utaisikia vizuri kwa sauti ndogo. Ukitaka kupata mahali pake hasa, iweke kwenye kiti chako, kisha wewe zunguka chumbani ukisikiliza. Pale besi inaposikika safi bila kuvimba, hapo ndipo pa kuiweka, madhali si kwenye ukuta wa jirani. Pili, punguza kitufe cha sauti kilicho kwenye sabufa yenyewe. Risiva nyingi pia zina mpangilio wa usiku, unaopunguza vishindo na kuacha maneno yasikike. Tatu, mpira mnene chini ya sabufa husaidia kuzuia mtetemo unaopita sakafuni, ila hauzuii ule wa hewani. Trei za mayai ukutani hazizuii besi, usijidanganye. Nne, watu wakilala, izime kabisa.

La mwisho ndilo kubwa. Mpigie hodi jirani yako, umuulize, na ikiwezekana usikilize ukiwa upande wake. Usingoje alalamike, kwani wapo wanaonyamaza kwa haya, kwa unyonge, au kwa sababu dini yao si yako. Katika zama za Mtume (SAW) alitajwa mwanamke aliyezidisha swala, saumu na sadaka, lakini akiwaudhi majirani kwa ulimi wake. Mtume akasema kuwa huyo ni wa motoni. Tujiulize, anayewaudhi kwa kishindo usiku kucha atajitetea kwa lipi? Dhambi iliyo baina yako na Mola wako utatubia kwake naye ni Mwingi wa kusamehe. Haki ya mja humfuata mtu mpaka mwenyewe asamehe, na utamwomba vipi msamaha mtu ambaye hujui kama umemuudhi?

Tunamwomba Allah (SW) atujaalie tuwe amani kwa majirani zetu, na atughufirie sisi na wao. Amin.

Wabillahi Tawfiq.