Mzigo wa Katibu

Baba yangu alikuwa katibu wa parokia huko Tabora kwa miaka 22. Siku tuliyomzika, paroko alisema maneno mazuri juu yake, akamalizia kwamba kazi ya marehemu ndiyo iliyokuwa sala yake. Kanisa zima likatikisa kichwa, na mimi nikatikisa. Usiku, wageni walipopungua, mama alikuwa anakunja khanga pembeni ya jiko, akasema bila hasira yoyote: "Baba yenu alikuwa hasali. Alikuwa anachoka."

Hakuna aliyemjibu. Ungejibu nini? Kila mmoja wetu alizikumbuka zile Jumapili: misa inaendelea, mzee yuko nje anamtafuta fundi wa jenereta, au yuko ofisini anaandika risiti za zaka, au anaamua ugomvi wa wanakwaya wawili kuhusu sare. Komunyo alipokea wa mwisho, siku akikumbuka.

Tangu usiku ule nina swali ambalo sijaweza kulitua. Je, kazi ya ofisi inayofanywa kwa ajili ya nyumba ya Mungu ni ibada kweli? Au ni maneno matamu tunayowaambia wanaotubebea mizigo ili wasiitue?

Nusu ya jibu niliipata mahali ambapo sikutarajia. Kwa wauza vitabu vya mitumba, maeneo ya Posta, Dar es Salaam, nilinunua kitabu kinene juu ya maisha ya Ramakrishna, yule mtakatifu wa Kihindu wa Bengal aliyefariki mwaka 1886. Ni tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Kibengali kiitwacho Sri Sri Ramakrishna Lilaprasanga, na mwandishi wake ni mtawa Swami Saradananda. Nilidhani nimenunua kitabu cha mtakatifu. Nilipoanza kufuatilia habari za mwandishi, nikagundua kwamba mkononi nina kitabu cha katibu.

Hebu nikusimulie, msomaji wangu, maana habari zake hazijulikani sana huku kwetu.

Alizaliwa Calcutta mwaka 1865, akaitwa Sharat Chandra Chakravarty. Alikuwa anasomea udaktari alipomfuata Ramakrishna, na mwalimu wake alipougua saratani ya koo aliacha masomo akawa miongoni mwa vijana waliomuuguza hadi mwisho. Baada ya hapo vijana wale wakawa watawa. Waliacha nyumba na majina yao, wakaingia kwenye jengo bovu huko Baranagar, wakasali na kufunga. Sharat akawa Saradananda. Alitembea sehemu takatifu za India akiomba chakula, na aliyekuwa anamtafuta alikuwa Mungu tu.

Sasa angalia kilichompata. Mwaka 1897 mwenzao mashuhuri, Swami Vivekananda, alianzisha Ramakrishna Mission, chama cha watawa na waumini cha kutoa elimu, tiba na msaada wakati wa njaa na mafuriko. Saradananda wakati huo alikuwa akifundisha Marekani. Aliitwa nyumbani mwaka 1898 akakabidhiwa ukatibu, na hakuutua hadi alipokufa Agosti 1927. Karibu miaka 30! Mtu aliyeikimbia dunia ili asali, dunia ikamfuata na mafaili yake: barua, hesabu, viwanja, wagonjwa, wafadhili wenye masharti, vijana wenye vichwa vigumu.

Kuna kisa ambacho watawa wale wanakipenda. Siku moja Ramakrishna, akiwa mzima bado, alimwendea kijana Sharat akamkalia mapajani. Alipoinuka aliwaambia waliokuwepo kwamba alikuwa anapima ni mzigo kiasi gani kijana yule anaweza kuubeba.

Niliposoma hapo nilikifunga kitabu. Sisi ni Wanyamwezi. Tumekua tukisikia methali ile kwenye mabasi, kazini, hata kwenye harusi zetu wenyewe: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Babu zetu walibeba pembe na bidhaa kati ya Tabora na Bagamoyo katika karne ya 19, na ni kweli walijivunia kazi hiyo. Kijana ambaye hajafika pwani alikuwa hajawa mwanamume sawasawa. Lakini isikilize vizuri methali yenyewe. Inasema "mpe". Haisemi "muulize". Baba naye walimchagua kwa utani huo huo, kikao kizima kikicheka, na yeye akacheka pamoja nao. Ndivyo alivyoingia kwenye miaka 22.

Kwa hiyo nilisoma kurasa zilizofuata kwa shaka, nikisubiri yale maneno ya paroko. Na yalikuja. Bhagavad Gita inafundisha kwamba mtu atende wajibu wake bila kushikilia matunda yake, na kazi ya namna hiyo nayo ni njia ya kumfikia Mungu. Ndiyo karma yoga, njia ambayo Vivekananda aliihubiri kwa nguvu. Ni fundisho zuri, lakini jamani, ni rahisi sana kumwambia katibu asitamani matunda wakati wewe unayala. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwenye parokia yetu mmoja alichumia juani, na waliokula kivulini walikuwa wengine. Halafu wakamsifu kwa kutokuwa na njaa.

Kilichonibadilisha kidogo ni nyumba moja mtaa wa Baghbazar, kaskazini mwa Calcutta. Saradananda aliijenga kwa sababu mbili. Gazeti la watawa, Udbodhan, lilihitaji ofisi, na Sarada Devi, mjane wa Ramakrishna, ambaye watawa wote walimwita Mama, hakuwa na makazi ya uhakika mjini. Fedha hazikutosha. Katibu akakopa kwa jina lake. Mama akahamia ghorofani mwaka 1909, na yeye akachukua kachumba kadogo karibu na mlango wa kuingilia. Ili kulipa deni, akaanza kuandika maisha ya mwalimu wake, akiyachapisha sehemu kwa sehemu gazetini. Kile kitabu kinene nilichonunua kwa bei ya chakula cha mchana kiliandikwa na mdaiwa, kwenye kachumba ambako watu waliingia na kutoka kutwa nzima.

Hapo mlangoni alijiita bawabu wa Mama. Katibu mkuu wa chama kizima, bawabu! Na mzigo wa Mama haukuwa wa maua na uvumba peke yake. Kulikuwa na jamaa wagomvi, mpwa mgonjwa, wadogo zake wa kiume waliogombania mali kijijini Jayrambati hadi Saradananda akasafiri kwenda kusimamia mgawanyo. Mama mwenyewe alisema kwamba hamwoni mwingine wa kuubeba mzigo wake.

Siku moja ya joto Mama alikuwa amerudi amechoka, na Saradananda akazuia watu wasipande. Akaja muumini mmoja kutoka mbali, jasho linamtoka, naye hakutaka kuambiwa. Alimsukuma mtawa yule, mtu mnene na mzito, akapita, akapanda ngazi. Alipoteremka, aibu ilikuwa imemshika. Akaomba radhi. Inasimuliwa kwamba Saradananda alimkumbatia, akamwambia hakuna cha kusamehewa, maana bila shauku ya namna hiyo mtu angemwonaje Mama?

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi. Nimefanya kazi ofisini miaka 11 na nimewaona mabawabu wa kila aina. Wengi wetu, tukisukumwa, tunaitisha kikao. Utaratibu ukivunjwa tunaona tumevunjwa sisi. Yule bawabu alizuia watu kwa bidii ya kweli, lakini alikumbuka kwamba mlango upo ili watu wafike kwa aliye ndani. Aliposhindwa mlangoni, alifurahi kama mtu aliyeona kazi yake ikifaulu. Nadhani hapo ndipo kazi inapokuwa ibada. Kufanyika ndani ya hekalu hakutoshi, na kufanyika bila malipo hakutoshi. Kinachotakiwa ni kwamba anayeshika kitasa awe bado anakumbuka anamfungulia nani.

Na hakuwa mpole tu. Mwaka 1916 Gavana wa Bengal, Lord Carmichael, alitoa hadharani maneno yaliyowafanya watu waione Mission kama maficho ya wanamapinduzi waliopinga utawala wa Kiingereza. Kweli ndani ya utawa walikuwemo vijana waliowahi kushtakiwa katika kesi ya mabomu ya Alipore na kuachiwa huru. Wafadhili wakaogopa. Njia ya mkato ilikuwa wazi: wafukuze, chama kipone. Saradananda hakuwafukuza. Alipeleka maelezo serikalini, akaenda kuonana na Gavana, na mwaka 1917 Gavana akaandika barua ya kuondoa lawama ile. Katibu anayependa ofisi yake kuliko watu wake asingethubutu.

Basi, je, mama yangu alikosea? Hapana. Na hapa ndipo watu wanapoharakisha kumaliza hadithi.

Mama wa Baghbazar alifariki mwaka 1920. Mwaka 1922 akafuata Swami Brahmananda, rais wa watawa na mwenzake tangu ujanani. Baada ya vifo hivyo Saradananda aliishiwa hamu ya kazi. Kitabu chake alikuwa amekiacha kabla ya kufika siku za mwisho za Ramakrishna, na hakukimalizia hata alipoombwa. Saa zake nyingi zikaenda kwenye tafakuri, kama mtu anayelipa deni jingine, la zamani zaidi. Mwaka 1926 watawa walifanya mkutano mkuu wao wa kwanza pale Belur, kando ya mto Ganges, na baada yake ikaundwa kamati ya utendaji ya kushughulikia mambo ya kila siku. Mzigo wa mtu mmoja ukagawiwa watu kadhaa. Mwaka uliofuata aliugua kiharusi, akafariki.

Naona kwenye miaka ile ya mwisho ushahidi wa mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kazi yake ilikuwa ibada kweli, kwa sababu yule aliyemfungulia mlango alipoondoka, hakubaki kukumbatia mlango. Pili, ibada au si ibada, ilimchosha. Mtu anaweza kufanya mambo yote mawili, akasali kwa mikono na bado akahitaji kukaa kimya na Mungu wake bila mtu kumgongea. Mtakatifu aliyemkalia mapajani aliinuka baada ya kupima. Hicho ndicho tunachokisahau. Sisi wengine tukishakaa hatuinuki.

Kwa hiyo nimeanza kuamini kwamba swali langu nilikuwa naliuliza upande usio wake. Nilikuwa namuuliza baba: mzee, ulikuwa unasali au unachoka? Ilitakiwa niwaulize tuliokaa juu yake. Kwa miaka 22, ni nani aliwahi kumwambia, "Katibu, leo kaa kwenye benchi, jenereta nitashughulika nayo mimi"? Mimi mwenyewe nikiwa likizo nilimpelekea chai ofisini, nikaona nimefanya jambo. Kalamu sikuipokea.

Mwezi uliopita kaka yangu alinipigia simu. Parokia imemchagua kuwa katibu. Anasema ilipita kwa makofi. Mzee mmoja alisimama akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, mtoto wa katibu ni katibu, watu wakacheka. Akaniuliza, "Dada, nikubali?"

Nilimwambia akubali kama yeye mwenyewe anataka, si kwa ajili ya marehemu. Aombe katibu msaidizi kabla hajapokea funguo, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Na kila Jumapili ya pili ya mwezi awe kanisani kuanzia wimbo wa kuingia hadi baraka ya mwisho, hata umeme ukikatika.

Alicheka. "Na jenereta?"

Nikamwambia siku hiyo wataimba bila vipaza sauti. Wakati wa babu zetu hapakuwa na vipaza sauti, na waliimba.