Mizani ya Haki Katika Barabara Kuu ya Isiolo

Barabara kuu ya Isiolo, mji wa kaskazini mwa Kenya, ilikuzwa na watu wa imani mbalimbali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari Wasomali waliolitumikia jeshi la Uingereza walipewa makao hapa, wakashika mifugo na biashara; Waborana, Wameru na Waturkana nao wakawa wauzaji na wanunuzi. Kwa miaka mingi lami iliishia mjini humu, na wasafiri waliokwenda Moyale walinunua mahitaji kabla ya kuingia vumbini.

Je, muuzaji ana deni gani la ukweli kwa mpita njia asiyetarajiwa kurudi? Katika Kurani, sura ya Al-Mutaffifin huwaonya wanaopunja vipimo. Katika Biblia, Mambo ya Walawi 19 huamuru mizani ya haki. Fikihi ya Kiislamu inadai zaidi, na inastahili kusikilizwa: kasoro ya bidhaa itajwe hata mnunuzi asipouliza. Kwa mfano, kina mama wa Isiolo hupeleka maziwa ya ngamia hadi Eastleigh, Nairobi. Mnywaji hamjui aliyeyakusanya, wala jicho lake halitambui maji kidogo yaliyochanganywa. Uaminifu hapo hauna shahidi ila dhamiri na Mungu.

Wakati wa ukame suala huwa gumu zaidi. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu bei ipande kwa sababu ya uhaba, lakini hukataza kuficha chakula ili kungojea bei hiyo.