Hujachelewa: Anza na Jambo Moja

Kuna imani moja inayotumaliza taratibu, nayo ni kwamba afya ni bahati tu. Presha ikimpata jirani, tunasema ni ya ukoo wao. Kisukari kikiingia nyumbani, tunasema ilishaandikwa. Mzee akianguka kwa kiharusi, tunanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Kisha kunapambazuka, tunatia vijiko vinne vya sukari kwenye chai, tunapanda bodaboda kwa safari ambayo miguu ingeimaliza kwa dakika kumi, tunakaa kitini hadi jioni, na chakula cha usiku tunakiongezea chumvi kabla hata ya kukionja.

Ndugu msomaji, ni kweli tunarithi mengi, na ni kweli yapo yaliyo nje ya uwezo wetu. Lakini kwa zaidi ya miaka 70 watafiti wamewafuatilia watu wa kawaida wakiwa kazini, majumbani na mezani pao, nao wamekuja na habari ambayo kila mmoja wetu anastahili kuisikia: sehemu kubwa ya afya yetu inajengwa, au inabomolewa, na mambo madogo tunayoyafanya kila siku bila kuyafikiria. Hiyo ni habari njema. Uliyoyazoea kwa mikono yako mwenyewe, unaweza kuyageuza kwa mikono hiyohiyo.

Chukua kisa cha mabasi ya London. Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari Jerry Morris alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo ulikuwa ukiwashika wanaume wengi wa umri wa kufanya kazi. Akawageukia wafanyakazi wa usafiri wa jiji, wanaume wapatao 31,000. Kila basi la ghorofa lilikuwa na wawili: dereva na kondakta. Kampuni yao ilikuwa moja, barabara zao zilikuwa zilezile, na moshi wa jiji waliuvuta pamoja. Tofauti ilikuwa kwenye miguu. Dereva alikaa karibu zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kukusanya nauli, vidato kati ya 500 na 750 kwa siku. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1953, yalionyesha kwamba makondakta waliugua moyo mara chache kuliko madereva, na waliougua hawakufa mapema kwa wingi kama wenzao. Hakuna aliyewapeleka makondakta hao uwanjani kufanya mazoezi. Walikuwa wakikata tiketi.

Kilichonivutia zaidi ni hatua iliyofuata. Morris hakukimbilia kutangaza ushindi. Alijiuliza: je, huenda wanaume wanene ndio waliopenda kuwa madereva tangu mwanzo? Basi yeye na wenzake wakachukua vipimo vya sare za kazi na kulinganisha viuno vya suruali. Ni kweli, madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Lakini hata walipolinganishwa wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, kondakta bado alikuwa na nafuu. Alikuwa amewaangalia na watu wa posta, na huko pia waliosambaza barua kwa miguu waliwashinda wenzao waliokaa ofisini. Morris mwenyewe aliishi akifanya mazoezi, na alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Mtu mmoja si ushahidi, lakini alikufa akiwa ameishi alichokifundisha.

Ninakueleza habari ya suruali kwa sababu kila wiki simu zetu zinapokea ujumbe unaoanza na "utafiti umeonyesha". Mara ndimu inaponya saratani, mara maji ya moto yanayeyusha kitambi. Usiumeze ujumbe wa namna hiyo, na usikate tamaa na utafiti wote kwa sababu yake. Uliza maswali matatu. Walipimwa watu wangapi? Walifuatiliwa kwa muda gani? Na je, mtafiti alijihoji kama kuna sababu nyingine iliyojificha? Ujumbe wa ndimu hautavuka swali la kwanza. Mabasi ya London yanavuka yote matatu, na ndiyo maana tunaweza kusimama juu yake na kusema kwa ujasiri: panda ngazi.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya. Watafiti waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini, magharibi mwa nchi, wakaenda Nairobi kutafuta maisha, kisha wakawalinganisha na wenzao wa rika na sehemu zilezile waliobaki kijijini. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, presha ya wageni hao ilikuwa imepanda kuliko ya waliobaki. Walikuwa wazito zaidi, mapigo yao ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi ilikuwa imeongezeka kwenye chakula chao, huku potasiamu, madini tunayoyapata kwa wingi kwenye mboga za majani, maharage na ndizi, ikiwa imepungua.

Tafakari jambo hilo. Ukoo ulikuwa uleule na majina yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni sahani, pilikapilika na mwendo wa siku. Kama kuhamia mjini kunaweza kuipandisha presha, basi presha si hatima iliyoandikwa kwenye damu peke yake. Ina mkono wa jikoni. Na jikoni ni pako.

Watafiti wamefika pia kwa Wahadzabe, kando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Waliwavisha vifaa vya kupima mapigo ya moyo na kukuta kwamba wanajishughulisha kwa nguvu ya wastani au zaidi kwa dakika zipatazo 135 kwa siku, na dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo miongoni mwao ni chache. Mwaka 2020 ukaja utafiti mwingine wenye jambo la kushangaza: Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na wengi wetu tunaokaa ofisini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao ni ya kuchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi. Kumbe kupumzika si kosa. Kinachotuumiza ni kuuacha mwili usahau kazi yake kwa saa nyingi mfululizo. Huhitaji kuhamia porini ili ufaidike na hilo. Inuka kitini kila baada ya muda. Shuka kituo kimoja kabla ya kwako. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima atembee kwa kasi, au afanye kazi ya kiasi hicho, kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Ukizigawa kwa siku tano, ni nusu saa tu kwa siku.

Najua kuna anayesoma hapa na kusema moyoni: mimi nimeshachelewa. Nina miaka 50, nina kitambi, nimevuta sigara tangu ujana, niacheni. Wewe ndiye ninayetaka kuzungumza nawe.

Mwaka 1951, Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza juu ya uvutaji wao wa sigara. Madaktari wapatao 40,000 walijibu, na wanaume kati yao wakafuatiliwa kwa nusu karne. Matokeo ya miaka hiyo 50 yalichapishwa mwaka 2004, na ni mazito: waliovuta maisha yao yote walipoteza, kwa wastani, miaka 10 hivi ya kuishi. Lakini yana upande wa pili, na huo ndio nataka ukae moyoni mwako. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia kama miaka 3. Aliyeacha akiwa na 50 alipata kama 6. Wa miaka 40 alipata 9. Wa miaka 30 aliirudisha karibu yote 10.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kijana wa miaka 25 aliye na sigara mkononi ayashike maneno hayo leo. Lakini wewe wa miaka 60, takwimu hizi zinasema nawe bado unakunjika. Miaka 3 si kitu kidogo. Ni harusi ya binti yako. Ni mjukuu anayejifunza kulitaja jina lako.

Basi kwa nini tunajua na hatufanyi? Hapa ninaomba uache kujilaumu. Wendy Wood na wenzake, huko Marekani, waliwaomba watu waandike walichokuwa wakifanya saa baada ya saa. Ilibainika kwamba kati ya theluthi moja na nusu ya matendo yao yalikuwa ya mazoea, yanayorudiwa karibu kila siku mahali palepale, mara nyingi akili ikiwa kwingine kabisa. Mkono unaofuata chumvi hauombi ruhusa. Ndiyo maana nia peke yake inashindwa: nia inalala, mazoea yako macho. Dawa ni kuyabadilisha mazingira yanayouita mkono. Kichupa cha chumvi kirudi kabatini. Bakuli la ndizi na machungwa likae pale ilipokuwa sahani ya mandazi. Viatu vya kutembelea vilale mlangoni.

Kisha ipe nia yako saa na mahali. Mtafiti wa saikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi nguvu ya mpango wenye sehemu mbili: likitokea hili, nitafanya lile. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002, wanafunzi wa chuo walitakiwa kufanya mazoezi angalau mara moja ndani ya wiki. Walioelezwa tu faida za mazoezi hawakufika hata asilimia 40. Walioandika siku, saa na mahali walifika asilimia 91. Elimu peke yake haikuwainua, kalamu na karatasi viliwainua. Kwa hiyo usiseme "nitaanza mazoezi". Sema: "Nikimaliza kuswali alfajiri, nitatembea hadi sokoni na kurudi." Sema: "Nikitoka ibada ya Jumapili, nitarudi nyumbani kwa miguu." Sema: "Mama lishe akinipakulia, nitaomba mboga iongezwe na soda nitaiacha."

Na uwe na subira. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, kile kiitwacho University College, waliwafuatilia watu 96 ambao kila mmoja alichagua tendo dogo la kufanya kila siku, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Kwa wastani ilichukua siku 66 tendo hilo kujiendea lenyewe. Kuna waliotangulia kwa siku 18, na makadirio ya wengine yalifika siku 254. Na walioruka siku moja hawakuharibu kitu. Rudia sentensi hiyo, kwa sababu wengi wetu tunaanguka hapo hapo. Tunakosa Jumanne, tunajiita wazembe, Jumatano tunaacha kabisa. Kukosa Jumanne si kushindwa. Jumatano rudi.

Usiende peke yako. Huko Framingham, mji wa Marekani ambao wakazi wake wamefuatiliwa na watafiti wa moyo tangu mwaka 1948, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watu waliacha sigara kwa makundi: marafiki, wanandoa, ndugu, wafanyakazi wenza. Sisi tunaelewa jambo hilo bila kufundishwa, kwa maana tunazika pamoja, tunaozesha pamoja, tunaweka akiba pamoja kwenye vikoba na vyama. Kwa nini tusitembee pamoja? Kikundi kinachokutana kila Jumamosi kuhesabu fedha kinaweza kuzunguka uwanja kwanza, kisha kikahesabu. Mzazi anayepunguza sukari kwenye chai anawapunguzia watoto wote waliozunguka meza ile.

Hakuna utafiti unaoweza kukuhakikishia kwamba hutaugua. Wapo waliojitunza wakaugua, nao wanahitaji upendo wetu, si hukumu. Na kama daktari amekuandikia dawa za presha au kisukari, zimeze kama ulivyoelekezwa, mwendo na mboga viwe nyongeza juu yake. Utafiti unachokupa ni nafasi iliyo bora zaidi. Mkulima naye hapewi ahadi ya mvua, lakini hulima.

Kwa hiyo nakuomba, tena nakusihi: usibadilishe maisha yote kesho. Anayetaka kubadilisha yote Jumatatu, Ijumaa huwa amechoka. Chagua jambo moja. Kama ni chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, ukihesabu na ile iliyopikiwa. Kama ni sigara, itaje tarehe ya mwisho mbele ya anayekupenda. Kama ni kutembea, taja njia. Kama ni sukari, toa kijiko kimoja wiki hii na kingine wiki ijayo.

Chukua karatasi sasa hivi. Andika jambo, andika saa, andika mahali. Mwonyeshe mtu mmoja atakayekuuliza juu yake keshokutwa. Kisha inuka, ukalifanye leo leo, kabla jua halijazama.